Shajara ya kuhamia Mafinga: toka nyumba ya usharika hadi nyumba yetu

Mei, wiki ya mwisho

Mume wangu, Mchungaji, amestaafu, nasi tumehama kutoka usharika wa Pawaga. Fuso lilishusha mzigo jana jioni na kugeuza usiku uleule. Naanza kuandika kwa sababu mbili. Watoto wetu wakubwa wametawanyika, mmoja Dar es Salaam, mwingine Songea, na kila jioni wanapiga simu kuuliza tumefikia wapi. Nikiandika watasoma wote. Halafu wapo wake wa wachungaji wenzangu walioniomba niwaeleze mambo yanavyokwenda baada ya kuagwa, maana zamu yao nao inakuja.

Hali ya nyumba kwa sasa: kuta za tofali za kuchoma zimesimama na mkanda umefungwa, bati limepigwa, grili zipo madirisha yote lakini vioo vimewekwa vyumba viwili tu. Madirisha mengine tumeziba kwa nailoni. Sakafu ni jamvi tupu la zege, niru, yaani saruji laini ya juu, bado. Hakuna dari, hakuna ripu (plasta ya ukuta) ndani wala nje. Umeme umevutwa na mita ya LUKU ipo, ila waya umefika sebuleni na chumba kimoja. Choo cha nje kimekamilika. Maji tunachota kwa jirani hadi bomba letu lifungwe.

Tupo wanne: Mchungaji, mimi, mama mkwe, na kitinda mimba wetu aliye kidato cha tatu. Uhamisho wake wa shule umekubaliwa, anaanza Julai.

Vitu tulivyokuja navyo ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Nyumba ya mchungaji ni ya usharika, na vilivyomo vingi ni vya usharika: vitanda, meza kubwa ya chakula, makochi, tanki la maji, hata mapazia ya sebuleni. Siku ya makabidhiano mkuu wa jimbo alikaa na wazee wa kanisa wakapitia orodha kitu kimoja kimoja, kuanzia rejista za ubatizo na ndoa, mhuri, vitabu vya stakabadhi, vyombo vya Chakula cha Bwana, mpaka funguo za stoo. Mchungaji akasaini, mpokeaji akasaini. Nilishukuru sana kwamba kila kitu kilionekana. Mtumishi hatakiwi kuacha nyuma yake minong'ono, hata ya kijiko.

Vyetu ni kitanda kimoja, magodoro, cherehani yangu, kabati la vyombo, na masanduku ya vitabu ambavyo Mchungaji alianza kuvikusanya akiwa Makumira, chuo cha theolojia. Juu yake zawadi za kuagwa: magunia ya mchele wa Pawaga, vitenge, mbuzi jike wawili, na mablanketi mazito ambayo akina mama walichangishana wakisema, "Mama Mchungaji, kule mnakokwenda si huku." Walijua wanachosema. Pawaga ni bondeni, joto la mpunga na mbu. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na tumeingia mwezi ambao baridi ndiyo inaanza kushika.

Juni, mwanzoni

Usiku wa kwanza wa baridi kali mama mkwe aliniamsha: "Mwanangu, mvua inavuja." Nikatoka nje na tochi. Anga safi, nyota tele, nyasi zimekauka isipokuwa umande. Ndani, matone yanaanguka kitandani kwake, mezani, juu ya masanduku ya vitabu. Kila papi, ile mbao inayoshikilia bati, lilikuwa na mstari wa matone upande wa chini, yamejipanga, yanakua, yanadondoka moja baada ya jingine.

Fundi alipokuja asubuhi akasema bati halivuji hata tundu moja, linatoa jasho. Kijana wetu ndiye aliyetueleza vizuri. Watu wanne tunapumua usiku kucha, chungu cha maharage kimechemka humo humo ndani, ule mvuke wote unapanda. Bati nalo, usiku usio na mawingu, linapoa kupita hata hewa ya nje. Mvuke ukiligusa unageuka maji. Bondeni hatukuliona jambo hili kwa sababu bati la kule halipoi kiasi hicho, na nyumba zote za usharika tulizokaa zilikuwa na dari.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Tulikuwa tumepanga ripu kwanza, kisha niru, dari mwisho. Sasa dari inatangulia. Kwa wakati huu tumefunga turubai juu ya kitanda cha mama, limeinamishwa kidogo ili maji yateremkie kwenye beseni, na jiko tumelitoa nje. Vitabu vimehamia chini ya meza, vimefunikwa.

Ninaloomba msomaji alichukue kwa uzito ni hili la jiko. Huku nyanda za juu baridi ikizidi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Mchungaji aliwahi kuzika watu wa nyumba moja waliokufa kwa namna hiyo. Nyumbani kwetu sheria ni moja: jiko halivuki kizingiti cha chumba cha kulala, hata uwe usiku wa sakitu, umande unaoganda. Mama anapewa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, inamtosha mpaka alfajiri.

Juni, katikati

Jiko la nje limesimama. Tumelijenga kwa mabanzi, yale magome yenye mbao kidogo yanayobaki magogo yakipasuliwa. Hapa Mafinga kila upande ni mbao. Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, limetuzunguka, na msonobari unapasuliwa mchana kutwa. Mabanzi hapa ni uzio, ni banda la mbuzi, ni stoo, ni kuni.

Jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke wa rika langu anayeuza chai stendi, alikuja kuona tunapikia nini. Akakuta napuliza kuni mbichi. Hakusema neno, alirudi kwake akaja na debe kuukuu na kiroba cha maranda, yale mabaki laini ya mbao.

Jiko la maranda nilikuwa nalisikia tu. Debe limetobolewa chini ubavuni, tundu la kupita ngumi. Unapitisha mti mmoja kwenye lile tundu hadi katikati, mwingine unausimamisha wima ukutane na wa chini, halafu unamimina maranda makavu na kushindilia kwa kisigino cha mkono, tabaka kwa tabaka, mpaka debe lijae na liwe gumu kama ukuta. Kisha unaizungusha ile miti taratibu na kuichomoa. Inabaki njia ya moto yenye umbo la kiwiko. Unawasha kijinga kwenye tundu la chini, moto unapanda kwa ndani na maranda yanaungua polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Moshi ni kidogo ukishashika. Maharage yaliwekwa saa mbili asubuhi, yakaiva, tukachemsha maji ya kuoga, na bado lilikuwa na moto wa kukaanga mboga jioni.

"Sharti yawe makavu, jirani," aliniambia. "Yakiwa mabichi utalia siku nzima."

Nilimpa mchele wa Pawaga, akaupokea kwa mikono miwili akaunusa. Nimeishi miaka mingi nikiwa mtu wa kufuatwa: mama mwenye shida anakuja kwa Mama Mchungaji, binti anayeolewa anakuja, mwenye mgonjwa anakuja. Hapa mimi ndiye mgeni nisiyejua kuwasha moto wa mahali hapa. Nimelipenda jambo hili. Nimemwambia Mchungaji kwamba nataka nikae mwaka mzima nikijifunza kabla sijamfundisha mtu chochote.

Juni, Jumapili ya mwisho

Barua ya uhamisho tuliipeleka kwa mchungaji wa usharika wa hapa mapema. Ametuandikisha, ametupangia jumuiya, na tumepewa bahasha za ahadi zenye namba yetu kama Wakristo wengine wote.

Leo ibada ya kwanza tukiwa washarika. Tangu tumeoana nimekaa benchi na watoto, yeye yuko madhabahuni. Jumapili yangu ilianza saa kumi na moja alfajiri kunyoosha joho lake, na kanisani nilikuwa namsikiliza kwa wasiwasi wa mke: koo lake liko sawa, amekumbuka tangazo la harambee, mzee fulani amekunja uso kwa nini. Leo amekaa upande wangu wa kulia. Tulipoimba nilisikia besi yake karibu na sikio langu, maneno yote anayajua bila kitabu. Nilishindwa kuimba ubeti wa pili.

Baada ya ibada mchungaji wa hapa, kijana wa rika la mwanetu wa kwanza, alitaka Jumapili ijayo amkaribishe Mchungaji madhabahuni. Akamjibu kwa upole: "Baba Mchungaji, nipe miezi nikae chini kwanza. Watu wakufahamu wewe." Nadhani amejibu vyema. Mstaafu akianza kupanda madhabahuni wiki ya kwanza, washarika wanagawanyika bila kutaka, wengine wanamsikiliza mzee, wengine kijana.

Julai, wiki ya pili

Mbao za dari zimenunuliwa. Tulilinganisha jipsamu na mbao. Jipsamu inapendeza, lakini hapa inasafirishwa, na kwenye nyumba yenye jasho la bati inashika madoa haraka. Mbao nyembamba za msonobari zinazoingiliana, moja ina ulimi nyingine ina mfereji, zinapatikana dakika kumi kutoka nyumbani, na zinatunza joto vizuri.

Ushauri tuliopewa na fundi, nauandika kwa faida ya wengine. Usinunue mbao asubuhi ukapigilia jioni. Msonobari mbichi ukikauka juu ya dari unapinda, misumari inatoka, nyufa zinafunguka. Mbao zetu zimepangwa kwenye banda, kila tabaka limetenganishwa na vijiti ili hewa ipite, juu tumeweka mawe zisijikunje. Upepo wa Julai na Agosti huku unakausha vizuri, baridi au si baridi. Za kenchi na papi zilikwisha kutiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, kwa sababu msonobari usiotiwa dawa ni chakula cha bungua na mchwa.

Sakitu imepiga bondeni karibu na kijito. Viazi vya watu vimeungua majani, vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Kwetu mlimani imegusa nyasi tu.

Julai, mwishoni

Sikuandika siku nyingi. Simu za Pawaga.

Zilianza wiki ileile tuliyohama. Mwanzoni zilikuwa za salamu. Sasa ni kesi. Mtu amegombana na ndugu yake juu ya jaruba la mpunga, anataka Mchungaji aje asuluhishe kwa sababu "wewe ndiye unayetujua". Binti tuliyembatiza anaolewa, wazazi wanataka aje afungishe ndoa. Mama mmoja alilia kwenye simu kwamba mchungaji mpya hajamtembelea mgonjwa wake.

Tumekaa mezani, sisi wawili, tukakubaliana. Simu zitapokelewa zote. Salamu zitapokelewa, maombi kwa simu yatafanyika. Lakini ibada, ndoa, suluhu, mazishi, jibu ni moja: mwoneni mchungaji wenu. Na yule mama mwenye mgonjwa, Mchungaji alimpigia mchungaji mpya palepale, si kumshitaki, kumjulisha tu nyumba ilipo na njia ya kufika. Kesho yake alikwenda.

Ni kazi ngumu kuliko kupanga matofali. Watu hawa tumekula nao, tumewazikia watoto, wametuzikia na sisi. Lakini kijana wa watu hawezi kulichunga kundi ambalo kila jioni linampigia simu mchungaji wa zamani. Nimeyaona haya sharika nyingine, mstaafu amehama kwa mwili lakini bado anaongoza kwa simu, mpaka mrithi wake anaomba uhamisho. Wake wa wachungaji, hapa sisi tuna sehemu kubwa. Mara nyingi simu inaanzia kwetu.

Agosti, wiki ya kwanza

Mzee wa kanisa wa kule, aliyekuwa mkono wa kuume wa Mchungaji, amefariki. Mchungaji mpya mwenyewe alipiga simu kutualika. Tulikwenda kwa basi hadi Iringa mjini, tukalala kwa shemeji, asubuhi tukashuka bondeni.

Mchungaji alikaa na wafiwa. Alivaa suti, kola tu shingoni, joho aliliacha nyumbani. Alipewa nafasi ya salamu, akasema maneno machache kumhusu marehemu na kumshukuru mchungaji wa usharika kwa kuwahudumia wafiwa. Mahubiri yalikuwa ya mwenyeji, nayo yalikuwa mazuri. Mimi nilikaa na akina mama jikoni nikamenya viazi. Nyumba ya mchungaji niliiona kwa mbali. Wamepaka rangi mpya, na mwembe tulioupanda sisi una majani ya chanikiwiti.

Agosti, katikati: habari ya kiwanja na fedha

Wengi wameniuliza tulijengaje kwa mshahara wa mchungaji, na swali hili linastahili jibu kamili.

Kiwanja tulikinunua zamani, wakati bei ya Mafinga bado inashikika, kwa fedha ya nguruwe na ya cherehani. Nilishona sare za kwaya za sharika tatu. Tofali tulichomea kidogo kidogo, kila kiangazi tanuri moja, mwaka mwingine hakuna kabisa kwa sababu ya ada za shule. Ujenzi wenyewe ulikwenda kwa misimu: msingi, halafu unasimama, kuta, unasimama, bati lilipigwa kwa kiinua mgongo.

Juu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nawasihi wenzangu. Mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja wanachangia asilimia 20 ya mshahara, na mtu hapati pensheni ya mwezi mpaka awe na michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Usingoje mwaka wa kustaafu ndipo uulize. Omba taarifa ya michango mapema, soma mwezi kwa mwezi, na ukiona pengo lifuatilie wakati bado watunza hazina waliokuwepo wanakumbuka.

Sasa kiwanja. Mtaa wetu umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati makazi yaliyokwisha kujengwa, wapimaji wameshaweka mawe, na leo tumewasilisha fomu za hati. Zimejazwa majina mawili, la Mchungaji na langu. Karani aliuliza kama ni lazima. Mchungaji akamwambia, "Andika yote mawili, mwanangu."

Nitaeleza kwa nini tulishikilia. Nimewaona wajane wa watumishi, wa makanisa mbalimbali. Mume anafariki akiwa kazini, nyumba ni ya kanisa, na kanisa lazima lilete mchungaji mwingine na huyo mwingine ana watoto wake. Hata penye upendo wote, mjane anafungasha kabla matanga hayajapoa. Anakwenda wapi? Kwa ndugu wa mume, kwenye kiwanja chenye jina la mume peke yake au jina la baba mkwe, na hapo ndipo maneno yanaanza. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu wenzi kumiliki kwa pamoja, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria zipo. Lakini jina lililoandikwa halihitaji wakili wa kulitetea msibani.

Kama ningekuwa na nafasi ya kusema kwenye mkutano mkuu wowote wa kanisa lolote, ningesema hili tu: mchungaji akishabarikiwa, mwaka uleule asaidiwe kupata kiwanja, hata kama ni mbali, hata kama kitakaa na majani miaka kumi, na jina la mkewe liwemo. Harambee ya kumjengea mstaafu inapendeza, na nimeona watu wakitoa machozi ya furaha, lakini inakuja wakati mtu amekwisha kuishiwa nguvu za kupanda hata mti.

Septemba

Dari imekwisha vyumba vyote isipokuwa koridoni. Fundi na kijana wake walifunga fremu ya mbao za mbili kwa mbili kwanza, wakaiangalia kwa kamba na pima maji, ndipo wakaanza kuingiza mbao, ulimi ndani ya mfereji, wakigonga kwa kipande cha mti ili nyundo isiumize ukingo. Walitoboa matundu ya hewa pembeni chini ya fisha bodi, mbao ya ukingo wa paa, na kuyawekea wavu, ili mvuke wa juu ya dari upate pa kutokea. Nyumba inanuka msonobari. Mama hajadondokewa hata tone, ameagiza turubai lipelekwe kwa mbuzi.

Niru ya chumba chake nayo imepigwa, nyekundu kama alivyotaka.

Maji yamefika. Bomba moja nje, moja jikoni.

Mchungaji anajenga shelfu za vitabu kwa mikono yake. Jumamosi jioni ndiyo inayomsumbua. Miaka yote Jumamosi jioni alikuwa anajifungia na mahubiri, hata watoto walijua kutembea kwa ncha za vidole. Sasa inapofika saa kumi anaanza kuzungukazunguka. Nilimwacha kwanza. Wiki hii nikamwambia, "Baba, soma neno la kesho, utuhubirie sisi watatu hapa sebuleni." Akakataa, akasema tuombe tu na tuzungumze. Tukazungumza. Mama mkwe alieleza habari ya mana jangwani kwa namna ambayo sijawahi kuisikia mimbarini, akisema kwamba kuokota kila asubuhi ndiko kulikowafundisha kulala bila hofu. Mchungaji alichukua kalamu akaandika.

Oktoba

Jumuiya ilikuja kusali kwetu, zamu yetu ya kwanza. Watu walijaa mpaka barazani. Jirani wa maranda alileta mabenchi kutoka stendi. Kiongozi wa jumuiya, dereva wa lori la magogo, aliongoza ibada vizuri kabisa. Nimeingia pia kikoba cha akina mama wa mtaa, Jumatano jioni.

Udongo wa hapa una tindikali nyingi, kama ulivyo sehemu kubwa ya Mufindi na Njombe. Bwana shamba alituambia tutie chokaa kabla ya mvua, tuichanganye na udongo vizuri, ndipo mbolea ya kupandia ifanye kazi. Bila hivyo mahindi yanadumaa hata ukimwaga DAP. Tumefanya hivyo kwenye robo eka ya nyuma.

Mashimo ya parachichi yamechimbwa, sentimita 60 kila upande, umbali wa mita saba shimo kwa shimo. Udongo wa juu umewekwa kando, umechanganywa na samadi ya mbuzi, ukarudishwa kukaa mpaka mvua. Miche ni ya aina ya Hass iliyobebeshwa, ikitunzwa inaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu. Mchungaji ameipanga mistari kwa kamba. Tulipanda miti kila usharika tuliokaa, miembe, mipapai, mifyulisi, na kila mara tuliondoka ikianza kuchanua. Nilimwona anashindilia udongo shimo la mwisho kwa kiganja, polepole sana, kisha akahesabu mistari upya.

Sakitu ya Juni ijayo ndiyo tishio kwa miche michanga. Tutaijengea vibanda vya nyasi kufikia Mei.

Novemba, mwishoni

Mvua imeanza. Mahindi yamepandwa, maharage yatafuata. Miche yote ya parachichi imeshika isipokuwa mmoja ulioliwa na mbuzi, na mbuzi wamefungiwa.

Mchungaji wa hapa alikuja juzi akaomba tena. Safari hii si kuhubiri. Anataka Mchungaji asaidie darasa la kipaimara siku za Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Amekubali. Joho linabaki kabatini, lakini kitabu cha Katekisimu Ndogo kiko mezani tangu jana.

Hati haijatoka, tumeambiwa tufuatilie Januari. Bado ripu ya ndani sebuleni na koridoni, dari ya koridoni, vioo vya dirisha la stoo. Ripu ya nje itangoja kiangazi. Uzio wa mabanzi upande wa barabara umefika nusu.

Seremala anatengeneza vitanda viwili vya watoto na wajukuu watakaokuja Krismasi. Amesema vitakuwa tayari Desemba 20. Fundi wa ripu anaanza Jumatatu, mchanga ukifika.